Siku Tulipolipasua Tanuri

Dafroza mwanangu,

Nakuandikia nikiwa karakana, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi nimeiegemeza kwenye ubao. Jua bado lipo. Nimekimbia nyumbani kwa sababu mama yako na shangazi yako wametandaza vitu vyako chumba kizima, na kila nikipita naambiwa nimekanyaga kitu. Habari za sweta, pasi ya kusafiria na namna ya kukaa na watu wameshakueleza, na kwa ninavyowajua wataendelea kukueleza kwa simu mpaka ndege iruke. Mimi huko siingii. Nina jambo moja, nalo limeniwasha tangu asubuhi hata chai sikuimaliza. Nataka nikusimulie siku tulipolipasua tanuri.

Najua ulikuwepo, na wewe ndiye uliyelipasua. Lakini ulikuwa umeinama unatazama koki, hukuwa unanitazama mimi. Kwa hiyo kuna nusu ya siku ile hujawahi kuisikia, na kesho unaondoka kwenda India kusomea kitu kile kile tulichokiona pamoja hapa Kibaoni, Ifakara. Siwezi kukuacha uende na nusu.

Nianze nyuma kidogo. Nilipokuwa na umri wako nilikwenda Morogoro kujifunza kazi kwa fundi mmoja aliyekuwa akiyeyusha vyuma chakavu. Siku ya kwanza alipotoboa tundu la tanuri, chuma kikatoka kinatiririka, cheupe, kimya, kama maji yaliyowashiwa taa ndani yake. Nilishindwa kula siku hiyo. Nilijiambia lazima na mimi siku moja niwe na tanuri langu, na liwe Ifakara, ili mashine ya mtu ikivunjika asisafirishe puli, lile gurudumu la mkanda, mpaka mjini kama mgonjwa wa rufaa.

Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja. Nilikuwa naitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Fundi akisema jambo nisilolielewa, ndiyo fundi. Siku moja akanituma udongo wa kukandikia tanuri ndani. Sikujua ni upi, nikaona aibu kuuliza, nikamletea ule wa kufinyangia vyungu. Tanuri liliwashwa asubuhi, kufika mchana kuta zake zilikuwa zimeyeyuka zikachanganyika na chuma. Fundi aliniuliza swali moja tu: "Kasian, kwani mdomo ulikuwa unauma?" Nimekuwa nikicheka nikikumbuka, lakini siku ile sikucheka.

Nikarudi nyumbani, nikajenga tanuri hili la mapipa yaliyounganishwa, nikalikandika kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa vizuri. Nilipomwambia mama yako kwamba naagiza koki kutoka Dar es Salaam, alifurahi sana, akidhani tunavuta maji ndani ya nyumba. Yalipofika magunia ya mawe ya kijivu yenye matundu matundu, aliyazunguka, akaniuliza bomba liko wapi. Ikabidi nimweleze kwamba koki hii ni makaa ya mawe yaliyookwa bila kupewa hewa, mpaka moshi wake wote na lami yake yote vikatoka, kikabaki kitu kigumu, chepesi kidogo, chenye vitundu. Akasema, "Basi ungesema makaa." Kwa miaka yote iliyofuata hata mimi niliyachukulia hivyo hivyo. Makaa. Kuni za mafundi. Unatia, yanaungua, yanaisha.

Kwenye tanuri nilikuwa nimeweka kidirisha cha kioo, unakikumbuka, pale juu ya mdomo wa upepo. Nilichungulia pale maisha yangu yote na sikuwahi kuona kitu zaidi ya weupe. Na kila tanuri lilipoganda, chuma kikashikana ndani na koki na mavi ya chuma, yaani taka zake zilizoyeyuka, nilichukua nyundo kubwa nikavunja, nikafukia vipande nyuma ya karakana upesi, wateja wasione. Kuganda kwa tanuri nilikuona kama kuanguka mbele za watu. Mtu akianguka anainuka, anajipangusa, anaangalia nani kamwona. Hainami tena kuchunguza alijikwaa wapi.

Sasa njoo kwenye msimu ule wa mavuno, wewe umemaliza kidato cha sita, unasubiri matokeo. Kijijini Kisawasawa kote mpunga ulikuwa umetandazwa juani kwenye maturubai. Mzee Maduhu wa huko akaja na pikipiki, na puli ya mashine yake ya kukobolea imevunjika mapande mawili ndani ya kiroba. Kijiji kizima kilikuwa kinategemea mashine yake. Nikamwambia aje kesho yake achukue mpya.

Koki nzuri ilikuwa imebaki kidogo. Nikakung'uta magunia, nikachanganya vile vipande vidogo vya chini, na juu yake nikaongeza mkaa wa kawaida wa kupikia ili kiasi kitimie. Wewe ulikuwa juu ya jukwaa, unapokea ndoo unamimina. Ukashika ndoo ya vile vidogo, ukaniuliza, "Baba, haya yataweza kubeba chuma?"

Nikakujibu, "Yabebe kitu gani? Yanaungua tu kama mengine. Mimina."

Ukamimina. Naliandika hili nikiwa natabasamu, maana ndilo swali unaloenda kulisomea, na mimi nililijibu bila hata kugeuza shingo.

Kilichofuata unakijua. Chuma cha kwanza kilitoka, kidogo, kizito, hakikujaza hata nusu ya kalibu ya kumiminia. Halafu blowa, ile mashine ya kupulizia upepo, ikabadilika sauti, ikaanza kulia kama inapuliza ukuta. Kidirisha kikawa chekundu, kikawa cheusi. Upepo ukawa unarudi kwenye mdomo wake na cheche zinatoka nyuma. Tukazima. Ndani kulikuwa kumeganda.

Kesho yake asubuhi nilifika mapema na nyundo kubwa. Hapa ndipo penye nusu yako usiyoijua. Ulinikuta nimeshaiinua. Ukasema, "Shikamoo baba. Naomba usipige."

Nikakuambia marahaba, ondoka hapo.

"Nataka tulifungue ubavuni, tabaka kwa tabaka. Nataka kuona koki imekuwaje huko chini."

"Imeungua. Kingine kipi?"

"Hatujui, baba. Hujawahi kuona. Na mimi sijawahi."

Mzee Maduhu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na fimbo yake, puli yake haipo na mpunga wake uko juani. Nilimgeukia kwa sababu nilijua yeye ndiye atakayekukatalia, ili mimi nisiwe mbaya. Nikamwambia, "Mzee, binti anataka tulifungue polepole, siku nzima itaisha. Unasemaje?"

Akatazama tanuri, akakutazama wewe. Akasema, "Sisi kwetu ng'ombe akifa hatujui kafa na nini, hatumfukii. Tunampasua kwanza, tuone ini, tuone mapafu. Maana wapo wengine zizini." Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akavua koti. "Nishike wapi?"

Mwanangu, nilikuwa na hasira na aibu, vyote kwa pamoja. Mtu ambaye kazi yangu ilikuwa imemkwamisha alikuwa amekuelewa haraka kuliko mimi baba yako. Niliweka nyundo chini, nikachukua mtaimbo. Lakini moyoni nilikuwa nasema, ngoja, ataona majivu matupu atanyamaza.

Tukakata pipa ubavuni, tukabandua udongo. Wewe ukatandika turubai, ukaanza kutoa koki kwa mkono kutoka juu kwenda chini, ukaipanga kwa safu kama ilivyokuwa imekaa ndani. Nilikaa pembeni nikijifanya nanoa patasi. Safu ya juu ilikuwa kama tulivyoitia, ya kijivu, ina pembe kali, nzito mkononi. Ulipofika safu zilizofuata ukaniletea kipande, ukaniambia nikipime na kile cha juu. Ukubwa ni ule ule. Uzito, karibu nusu. Nikakigeuza, nikaona vitundu vimepanuka, viwili vimekuwa kimoja, na kuta katikati yake zimekuwa nyembamba kama karatasi. Nikakibonyeza kwa dole gumba. Ganda likasagika, kiini kikagoma.

Hapo ndipo niliacha patasi. Hukuona, ulikuwa umeshainama tena.

Chini zaidi vipande havikuwa na pembe tena, vilikuwa vimeviringika kama mawe ya mtoni. Mbele ya mdomo wa upepo hapakuwa na vipande kabisa, palikuwa na kishimo, na kukizunguka kuna unga mweusi umeshindiliwa kama udongo wa kaburi. Vile vidogo vyangu na ule mkaa wangu wa kupikia, hata kimoja hakikusalia. Vyote vilikuwa ule unga. Na kule chini kabisa, kwenye sakafu, koki ilikuwa imezama ndani ya chuma kilichoganda, na ulipokwangua moja kwa kisu vidole vyako vikang'aa. Ukachukua kipande cha mfuko wa saruji, ukakipitishia ile koki. Ikaandika. Mstari laini, wa kung'aa, kama wa penseli.

Ukakaa chini kwenye vumbi. Ukasema kwa sauti ndogo, "Baba, imebadilika. Ilikuwa inabadilika njia nzima."

Nikaja nikakaa karibu yako, Mzee Maduhu akachuchumaa upande wa pili, na wewe ukaanza kutueleza, ukiunganisha na kemia uliyosoma shuleni. Nayakumbuka maneno yako vizuri kuliko unavyodhani. Ulisema koki inapoungua pale kwenye upepo inatoa hewa ukaa, na ile hewa haiondoki hivi hivi. Ikipanda ikakutana na koki nyingine ya moto inaing'ata, inachukua kaboni kutoka kwenye kuta za vitundu. Vitundu vinapanuka, kuta zinakonda. Koki kubwa iliyo imara inang'atwa nje lakini moyo wake unabaki. Ndogo inaingiliwa pande zote mara moja, na mkaa wa kuni, wenye vitundu vingi zaidi, unaliwa upesi kabisa. Halafu joto kali la chini linazipanga upya zile punje za kaboni, zinalala karatasi juu ya karatasi, ndiyo maana ikaandika. Kisha ukanigeukia mimi. "Ila kazi yake kubwa, baba, ni kusimama. Vyuma vyote vikiyeyuka, kitu kigumu kinachobaki humo ni koki peke yake. Inashikilia mzigo wote wa juu, na katikati yake inaacha njia, upepo upate kupanda, chuma kishuke. Ikisagika, njia zinaziba."

Na ukatuambia habari ya matanuri makubwa, yale marefu kama minara, yanayotengeneza chuma kutoka kwenye mawe yenyewe. Kwamba kule koki inashuka kwa saa nyingi ikiwa na mawe ya chuma kichwani. Hewa inayotoka kwenye koki inayanyang'anya mawe oksijeni, inageuka hewa ukaa, inairudia koki kuing'ata, inakwenda tena kwenye mawe. Na mvuke wa potasi unaingia kwenye vitundu unazidi kuidhoofisha. Kwa hiyo wanaoitengeneza wanatafuta koki inayokubali kuliwa huku imesimama. Ukasema kuna nchi waliwahi kuzima tanuri zima la namna hiyo, wakalipoza, wakalichimba tabaka kwa tabaka, wakafanya kama ulivyokuwa unafanya wewe kwenye turubai la kuanikia mpunga.

Mama yako alikuwa ameshakuja na chai na vitumbua, amesimama nyuma yetu anasikiliza. Akachukua kitumbua akakipasua katikati, akatuonyesha ndani. "Yaani kama nikizidisha hamira? Matundu yanakuwa makubwa, ukikishika kinakatikia mkononi." Ukamwambia ndiyo mama, ndiyo hicho hicho. Mzee Maduhu akala ule mfano, akaomba mwingine.

Mwanangu, nilifanya kazi ya moto kabla hujazaliwa. Siku ile ndipo nilipoingia ndani ya tanuri langu mara ya kwanza. Nilitamani nikimbie nyuma ya karakana nikafukue vyote nilivyofukia. Kwa kweli jioni yake nilikwenda na jembe. Ulidhani nachimba shimo la taka. Nilipata kipande kimoja chenye kutu, nikakivunja, ndani kulikuwa na unga ule ule. Kumbe nilikuwa nimefukia jibu, nikalipiga na jembe kila nilipopanda mihogo pale.

Ukajua namna ya kulitengeneza, tukalikandika upya, na siku chache baadaye magunia mapya ya koki yalipofika tukayachekecha yote, vidogo vikaenda kwenye jiko la kufulia mapanga. Tukaliwasha na koki kubwa tupu iliyochaguliwa moja moja. Ulipotoboa tundu, chuma kilitoka kwa kishindo cha kimya kile nilichokiona Morogoro nikiwa kijana, na hakikukatika mpaka kalibu zote zikajaa. Mzee Maduhu aliondoka na puli yake ikiwa bado ina uvuguvugu, ameifunga kwa gunia nyuma ya pikipiki, na mimi nilisimama barabarani nikimpungia mkono hata baada ya kupotea.

Sasa nikuambie lile jingine. Wakati huo nilikuwa nimeshawaambia majirani kwamba utasomea uuguzi hapa hapa Ifakara. Ni kazi njema, sikuwa na ubaya nayo, ila sikukuuliza. Nilitaka uwe karibu, nikaliita hilo mpango wako. Baada ya siku ile sikuweza tena kulisema. Wiki iliyofuata nilipokuambia twende steshenari tukajaze maombi, ukaniuliza tunaomba uuguzi chuo gani, nikasema, "Wewe andika, mimi nimekuja kukaa tu." Ukaandika chaguo lako mwenyewe, masomo ya vyuma.

Jumapili baada ya misa uliniuliza kitu, nikakujibu kwa kucheka, na tangu hapo nimejilaumu. Ulisema, "Baba, kule wenzangu wamekulia karibu na viwanda. Mimi natoka kwenye tanuri la mapipa. Nikionekana sijui kitu?" Nilicheka kwa sababu niliogopa kukubali kwamba hata mimi nilikuwa nimeliwaza. Jibu langu ni hili. Utaonekana hujui vitu vingi, kwa sababu hutavijua. Uliza siku ya kwanza, ungali mgeni, watu wana subira na mgeni. Mimi nilikaa mwaka mzima Morogoro nikitingisha kichwa, na kila "ndiyo" yangu ilikuja kunidai baadaye. Lakini usijidharau pia. Wengi wa hao wenzako watakuwa wameona tanuri kubwa kwa mbali, wakiwa nje ya ukuta. Wewe umelala kifudifudi ndani ya tanuri, umetoka na masizi masikioni.

Na utakapoharibu kitu, maana utaharibu, chombo kitapasuka au jaribio litaganda, usiwe na haraka ya kufagia. Kaa nacho kidogo. Hilo tu.

Nina maswali yangu na ninataka majibu. Nataka kujua hivi kwenye tanuri kubwa koki ya sakafuni inakaa muda gani kabla haijaisha. Nataka kujua wanaichunguzaje bila kuzima moto. Nataka kujua kama pumba zetu za mpunga, tunazozichoma bure kila msimu, zinaweza kusaidia chochote humo, hata kama jibu ni hapana, niambie kwa nini ni hapana. Na nataka kujua kama siku moja mawe ya chuma ya nchi hii yatayeyushwa hapa hapa, na nani atakuwa amesimama juu ya jukwaa akichagua koki yake. Hilo la mwisho usinijibu kwa simu.

Nimefurahi, Dafroza. Watu wanapita hapa wananipa pole kwa mtoto kwenda mbali, nami naipokea kwa adabu, lakini ndani yangu kunachemka kitu kingine kabisa. Nenda ukaone, uje unieleze.

Jambo moja la mizigo nilisema siligusi, naona itabidi. Mama yako alipita hapa mchana huu akiwa anatoka sokoni. Alipanda jukwaani peke yake, akashika koki moja akaipima mkononi, akaitupa, akashika nyingine. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Dafroza akiondoka nani atakuwa anazichagua? Wewe huna subira." Kisha akauliza zile glavu zako za jukwaani ziko wapi.

Kwa hiyo glavu usizipakie. Zimeshapata mtu.

Baba yako,
Kasian